Miwani ya Salvatierra

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kukaanga kahawa la akina Landero, pale barabara inapopinda kuteremkia chemchemini, na hapa mjini Xalapa kama huna kazi saa nne asubuhi hutapata mahali pazuri zaidi pa kutoifanyia. Manyunyu yakianza, bati la duka linakinga watu wanne. Wa tano analowa bega moja. Doña Eufrosina anateleka chungu chake cha kahawa ya mdalasini juu ya jiko la mkaa, na akichota mpaka kwenye tope, kikao kimefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Yeye tunamwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Mwalimu Heladio, mstaafu wa hesabu, ni Nukta. Huandika kila kipindi cha tamthilia kwenye daftari la mistari. Nabor wa teksi ni Njia Mkato, ambaye hajapata kumfikisha abiria kwa wakati. Don Evodio, fundi wa baruti, ni Fataki, na ana vidole vinane kwa sababu ya hizo hizo fataki. Wa tano, mwenye bega lililolowa, ni mimi. Nimeshinda midahalo mitatu ya chuo kikuu mwaka huu, kwa hiyo wananiita Wakili, na msidhani ni kwa heshima. Pale benchini sijashinda hata mmoja. Hakuna mwamuzi, hakuna kengele, na ushahidi hupimwa kwa sauti.

Jumatano ya Juma Kuu tulikuwa sita, ukimhesabu asiye na roho. Don Evodio alimleta Yuda begani, mrefu kuliko mlango, matete na karatasi na gundi ya unga, kichwa kimefungwa mfuko wa mkate kisilowe, akamwegemeza kwenye nguzo. Kila mwaka, Jumamosi Kuu saa sita mchana, mtaa wetu unamchoma Yuda, na hapewi uso wa kwenye Biblia. Anapewa uso wa msaliti wa mwaka. Mwaka jana alikuwa refa. Mwaka juzi, mwenye lori la gesi aliyekuwa akipunja mitungi. Mwaka huu kikao kimemchagua Leandro Salvatierra, msimamizi wa shamba katika tamthilia ya Milango ya Montesclaro. Kwa vipindi mia moja na kumi na saba bwana huyo amekula mezani kwa mjane mwenye shamba na kunywa kibuyu kimoja na wakulima waliomwasi mjane huyo, na mpaka leo hakuna ajuaye ni wa nani. Kipindi cha mwisho ni Jumatatu. Wiki hii televisheni yote ni filamu za Musa na bahari yake. Yaani tunamchoma Jumamosi, ukweli unatoka Jumatatu. Ratiba hiyo ni mtaa wetu tu unaoweza kuipanga.

Mimi nilipewa kazi ya kuandika wosia wa Yuda, zile beti zinazosomwa kabla ya kiberiti, msaliti akigawa mali zake kwa majirani. Karatasi ilikuwa mfukoni, nyeupe. Sikutaka kuiandika, na sababu kila mtu pale aliijua na hakuna aliyeitaja. Baba yangu, Gildardo Barradas, ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Kuna kampuni inayojenga maghorofa juu kilimani, nayo inaitaka chemchemi yetu. Kila Jumanne na Alhamisi, wiki ya sita sasa, baba anakwenda ofisini kwao, anakaa, anarudi, hasemi kitu. Wiki ya tatu sasa, akipita, kuna watu wanasema chinichini, “Salvatierra huyo.”

Haya.

Fataki: Tazameni kazi. Fataki kumi na nne. Sita tumboni, nne miguuni, mbili mikononi, mbili kichwani. Kichwa kinaondoka mwisho, ili msaliti auone mwili wake ukitangulia.

Redio: Na afe anajua.

Mimi: Msaliti kwa ushahidi upi, don Evodio?

Njia Mkato: Ameanza.

Redio: Wakili, kunywa kahawa.

Mimi: Nauliza kistaarabu. Jumatatu akionekana mwema, mtayaokota majivu myaombe radhi?

Njia Mkato: Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo tusingoje.

Mimi: Hiyo methali inakupinga wewe!

Njia Mkato: Inipinge vipi, na mimi ndiye niliyeisema?

Redio akajimiminia nusu kikombe, ishara kwamba sasa yanasemwa ya kweli.

Redio: Kipindi cha tisini na moja. Lango la ghala limeachwa wazi. Funguo anazo nani? Salvatierra. Alfajiri walinzi wa mjane wakapita hapo hapo, wakamkamata mkulima Tiburcio amelala juu ya mahindi. Nani aliwafungulia? Mtu wa mjane huyo, mchana kweupe. Mimi nilimjua tangu siku ya kwanza, kwa anavyokata mkate. Mtu mwaminifu hakati mkate kwa kuuegemeza kifuani.

Mimi: Kwa lango hilo hilo wakulima kumi na tisa walitoroka. Lingekuwa limefungwa, wangekamatwa wote.

Nukta: Kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa mbuzi. Nimeandika.

Mimi: Kumi na wanane basi! Watu kumi na wanane wako hai kwa sababu ya lango, na nyinyi mnaniambia habari za mkate.

Nukta: Tusipayuke. (Akalamba kidole, akafunua.) Kofia ya kahawia, akiwa na wakulima: mara thelathini na nane. Kofia nyeusi, akiwa na mjane: mara arobaini na moja. Toa. Tatu. Ni wa mjane, kwa kofia tatu.

Mimi: Na siku asizovaa kofia?

Nukta: Siku hizo ni wa Mungu.

Njia Mkato alikuwa akitikisa kichwa kama mtu anayesikitikia watoto.

Njia Mkato: Wazee wangu, mnahesabu kofia, hamhesabu barabara. Kutoka shambani mpaka mjini ni siku nzima kwa farasi. Kipindi cha sabini na mbili, jamaa anakula chakula cha mchana kwa mjane, jioni ile ile yuko mjini anampa hakimu barua. Haiwezekani. Mimi nipo barabarani miaka kumi na tisa. Hao ni wawili. Pacha.

Redio: Acha kamba, Nabor.

Njia Mkato: Mmoja wa mjane, mmoja wa wakulima. Wanapishana njiani. Ndiyo maana kofia mbili! Mwalimu, hesabu yako imenyooka sasa, hujanishukuru.

Nukta aliitazama ile safu ya kofia, na niliona kwa macho yangu mtu mwenye pensheni ya ualimu akianza kuyumba.

Fataki: Nyote mmekosea. Salvatierra amekufa.

Redio: Lini?

Fataki: Kipindi cha arobaini, alipoanguka korongoni. Mlimwona akipanda? Hamkumwona. Tulipelekwa kwenye matangazo ya sabuni, tukirudi yuko juu, hata vumbi hana. Tangu hapo hakuna aliyemgusa. Anayetembea ni roho, na roho haina upande.

Nukta: Mjane alimbusu kipindi cha sitini na tatu.

Fataki: (bila kupepesa) Mjane naye amekufa.

Njia Mkato: Hapo sasa! Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Redio: Na farasi?

Fataki: Farasi sijaamua.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka, nisiwe mnafiki. Raha ya benchi ni hiyo: mtu anaanza na mkate, anafika ahera, na kahawa bado ya moto. Lakini mwalimu alisema tuuone basi uso wenyewe, rangi imeshakauka, na don Evodio akaufungua ule mfuko wa mkate polepole, kwa fahari, kama anayemvua bibi harusi shela.

Uso ulikuwa mzuri. Kidevu cha Salvatierra, masharubu ya Salvatierra, ile nyusi moja iliyopanda. Na juu ya pua, miwani. Waya mweusi, vioo vya plastiki ya chupa, na kwenye bawaba ya kushoto, utepe mweupe wa kufungia vidonda.

Miwani ya baba ilivunjika Februari, aliikalia. Utepe niliufunga mimi.

Mimi: Don Evodio. Salvatierra huvaa miwani?

Kila mtu akakumbuka kikombe chake.

Fataki: Fundi ana jicho lake.

Mimi: Mwalimu, daftari. Vipindi mia moja na kumi na saba. Miwani mara ngapi?

Nukta alifunua. Alifunga.

Nukta: Sifuri.

Redio: Labda haoni mbali, hajatwambia.

Njia Mkato: Chanda chema huvikwa pete. Na jicho bovu je?

Mimi: Nyamaza, Nabor.

Redio: Usimnyamazishe mkubwa wako, binti. Umelitaka mwenyewe, sasa lisikie. Alhamisi iliyopita, mbele ya kanisa, nani alishuka kwenye gari jeupe la wale wa maghorofa? Akamshukuru na dereva. Kwa kumpa mkono! Mimi sisemi kitu. Mimi nauza kahawa.

Njia Mkato: Ofisi yao kutoka hapa ni dakika kumi na tano.

Mimi: Kwako wewe, arobaini.

Njia Mkato: Haya, arobaini. Lakini mzee anakaa kule saa tatu nzima. Mtu anafanya nini saa tatu? Kusema hapana ni nukta moja tu ya saa. Nimempeleka mara mbili, nikamsubiri mara moja. Akatoka na wino mkononi. Wino, Wakili! Anatia sahihi nini huko?

Fataki: Mimi nasema wamemlisha kitu. Kampuni hizo zina dawa, mtu anakunywa maji ya kwenye kikombe cha karatasi, akitoka anasema ndiyo kwa kila kitu.

Redio: Gildardo hanywi maji ya watu. Huyo atakuwa ameahidiwa nyumba. Ghorofa ya tatu, inayoangalia bonde. Mwenzangu mmoja anafagia kule, aliona jina linaanzia na B.

Mimi: B! Nusu ya mji huu inaanzia na B!

Nukta: Mara kumi na moja.

Nikamgeukia. Alikuwa amefungua daftari kwa nyuma, kutokea jalada la pili.

Nukta: Jumanne sita na Alhamisi tano. Kofia ya majani mara tisa, kichwa wazi mara mbili. Samahani, binti. Ni mazoea ya mkono.

Nililiona. Safu zile zile, wino ule ule mwekundu kwa jumla. Baba yangu, aliyebeba mabomba mgongoni mwaka ule chemchemi ilipozibwa na maporomoko, aliyemfundisha don Evodio kufunga koki yake mwenyewe, yumo ndani ya daftari la tamthilia, amepewa safu ya kofia.

Hapo nilisimama. Najua nikisimama sauti inapanda, na siombi radhi. Niliwaambia mtu anayezungumza na pande mbili ni lazima aonekane na pande mbili, vinginevyo anazungumza na ukuta. Niliwaambia gari jeupe ni gari, na siku ile mvua ilinyesha mpaka paka wa Landero akapanda mzani. Niliwaambia ni wao waliomchagua aende, kwa mikono iliyoinuliwa, na aliporudi bila kelele wakamwona mwizi, kwa sababu wamezoea kwamba mwema huonekana kwa kupiga meza. Niliwaambia hata Yuda wa kweli alitajwa jina mezani, akiwapo, akapewa na tonge. Wa kwetu hapewi hata hilo, anatundikiwa miwani yake kwenye matete. Nilizungumza vizuri. Chuoni ningepewa kikombe.

Njia Mkato alipiga makofi mawili, akaona yuko peke yake, akayageuza kuwa ya kujipasha moto.

Redio: Umesema sana, mwanangu. Lakini asiyekuwepo na lake halipo.

Mimi: Hilo ndilo neno la watu wenye viberiti!

“Samahanini,” mtu akasema.

Mlangoni mwa duka alisimama mwanamke mwenye begi la safari, koti la kiuguzi likichungulia chini ya shali. Alikuja kupanga chumba cha juu kwa Landero na alikuwa akisubiri ufunguo tangu tulipokuwa kwenye mkate wa Salvatierra. Redio akampimia kahawa, ya bure, maana mgeni ni habari mpya.

Mgeni: Ahsante, doña. Nimewasikiliza, lakini mimi ni wa kuja, sijaelewa vizuri. Huyu Salvatierra anakaa mbali?

Benchi zima lilicheka mpaka chungu kikatikisika.

Njia Mkato: Anakaa kwenye televisheni, bibie!

Mgeni: Aa. Mimi nikadhani ni huyu wa miwani. Nikadhani ni jirani yenu.

Kicheko kikapungua, kama jiko lililofunikwa.

Redio: Wa miwani ni mwingine. Yule anakaa pale. Ile ya buluu.

Nyumba ya buluu iko hatua sitini kutoka benchini. Nguo zetu zilikuwa kwenye kamba barazani, shati la baba la Jumapili kati ya blauzi zangu.

Mgeni: Na leo yupo?

Nukta: Yupo. Jumatano haendi.

Mgeni: Basi mlipomwuliza, alisemaje?

Nilimtazama Redio, ambaye hujibu hata asiyoulizwa. Alikuwa akisugua ukingo wa chungu kwa kidole gumba. Nukta alifunua ukurasa, hakukuwa na safu hiyo. Njia Mkato alifungua kinywa, nikasubiri methali, haikuja. Don Evodio alikuwa akimwangalia Yuda wake kama kwamba ndiye aliyeulizwa.

Nikaufurahia ule ukimya. Nasema kweli. Nilijiona nimeshinda, hatimaye, kwa mdomo wa mtu mwingine. Nikaketi, nikakunja nne.

Mgeni akanigeukia mimi.

Mgeni: Wewe si ndiye binti yake?

Mimi: Ndimi.

Mgeni: Wewe alikujibu nini?

Wiki sita. Wiki sita nimekula chakula cha jioni naye, meza moja, nikimpitishia chumvi. Nimemwona akinawa wino mikononi kwa sabuni ya kufulia. Nimemfungia utepe wa miwani, nikiwa nimeushika uso wake kwa mkono mwingine, karibu kuliko ninavyokaribia mtu yeyote. Nimemtetea kwa watu wanne, chuoni, kwenye foleni ya mkate, kichwani mwangu nikiwa naoga. Sikumwuliza. Ukimwuliza mtu, anaweza kujibu. Na Jumanne moja, alipotundika kofia bila kunitazama, nilijisikia nikifikiri: ghorofa ya tatu, inayoangalia bonde.

Mimi pia nilikuwa na daftari.

Redio aliinamisha chungu. Likatoka tope. Akakigonga mara mbili, kama siku zote.

Redio: Imekwisha.

Nikainuka. Sikuaga. Nilikuwa nimefika kwenye mlango wa fundi viatu niliposikia nyayo nyuma yangu: kandambili za Redio, viatu vya mwalimu vinavyolia, Nabor akikohoa. Don Evodio alikuwa wa mwisho, amembeba Yuda begani, maana manyunyu yalizidi na fataki kumi na nne haziachwi mvuani. Nilipogeuka niliona ameichomoa ile miwani ya waya. Ilichungulia kwenye mfuko wa shati lake.

Mlango wa nyumba yangu mwenyewe niliugonga. Sijui kwa nini, mkono ulifanya wenyewe.

Baba alifungua akiwa na kitambaa cha sahani begani. Miwani alikuwa akiiosha, ilikuwa mkononi, inadondosha maji. Akatutazama kwa macho yale madogo ya mtu asiyeona hatua mbili mbele yake, akitafuta nani ni nani.

“Ni wewe, binti? Mbona umebisha hodi? Doña Eufrosina, hiyo sauti ya kandambili naijua. Mwalimu. Nabor, usikohoe, karibu.” Akanyoosha shingo. “Na huyo mrefu hapo nyuma, asiyesalimia, ni nani?”

Don Evodio akamshusha Yuda begani.

Nikamshika baba mkono, tukaingia, nikamvutia kiti. Nikamwuliza.